Mama Pascaline na Karatasi ya Nyumba ya Safia

Asikudanganye mtu kwamba kuandikia watu barua ni kazi ya kivulini. Mama Pascaline ameifanya pale Kasongo miaka kumi na minane, katika chumba chenye meza mbili na paneli ya jua juu ya bati, na asubuhi ile ya Jumamosi jasho lilimtiririka kama mtu aliyetoka shamba na mzigo wa mihogo.

Kisa chenyewe hiki. Marehemu Amuri, mchuuzi wa mawese, aliacha mjane wake Safia, mabinti watatu, na nyumba moja ya matofali. Siku ya arobaini ukoo ulikaa. Ndugu wawili wa marehemu walikuwa na fungu lao katika mirathi, lakini mbele ya imamu walikubali kuliachilia: nyumba ibaki kwa Safia na wanawe, asitokee wa kuwatoa. Wakatoka pale wakaja moja kwa moja kwa Mama Pascaline, wakamtajia maneno, akayapiga kwenye kompyuta, akawasomea, wakasema ndiyo hayo. Ofisi ya viwanja haipokei kitu kilichoandikwa kwa mkono. Ilibaki kutoa karatasi nne tu, watu watie saini.

Karatasi hazikutoka. Imprimante ya zamani, mashine ya kuchapa, ilikuwa imekufa juma lililopita, na hii aliyoinunua mkono wa pili, kompyuta haikuijua. Kompyuta yake ni ya Linux. Aliiweka baada ya virusi vya flash za wateja kumlia kazi mara tatu, na hajajuta. Lakini Linux nayo ilidai pilote, ile programu inayoifundisha kompyuta kusemezana na imprimante. Akaanza kuishusha kwa simu, mega za mtandao zikaisha katikati. Sasa ona ubishi wa mwanamke huyu! Badala ya kungoja, akatafuta pilote ya zamani, ya imprimante nyingine kabisa, akailazimisha iingie, eti zote ni za kampuni moja. Ikaingia nusu, ikakwama. Tangu hapo kompyuta haikupokea chochote; kila akiigusa ilimjibu kwa Kifaransa chake kwamba kuna paquets défectueux, vifurushi vilivyovunjika, na haiendi mbele wala nyuma. Akawaomba wazee warudi kesho.

Kesho ndiyo hiyo sasa. Iliasi, ndugu mdogo wa marehemu, alikuwa anarudi Nyangwe. Djamali, mkubwa wao, alikuwa anakwenda Kabambare kwenye duka lake. Pikipiki zote mbili zilikuwa zinaondoka baada ya sala ya adhuhuri. Wakiondoka bila saini, nani atawakusanya tena na mvua zimeshaanza? Neno la mdomo halikai, linaoza kabla ya samaki.

Na Safia mwenyewe hangeweza kuja. Alikuwa ndani ya eda, na mjane hatoki mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Alimtuma jirani tu na maneno machache: Mama Pascaline ajue kwamba Safia hana macho mengine huko. Maneno hayo yalimkaa Mama Pascaline kifuani tangu alfajiri, chai ikamshinda kunywa.

Saa nne akampigia Cécilia, rafiki yake wa Kindu, aliyemwekea hiyo Linux. Cécilia alicheka kwanza, kisha akamgombeza. Kilichoingia kwa nguvu, alisema, kitolewe kwanza kwa jina lake; halafu ndipo aiombe kompyuta ijitengeneze, na asikubali kitu kabla hajakisoma. Hapo mtandao ukakatika.

Unadhani alifuata? Hofu haina masikio. Aliruka la kwanza, akaiomba kompyuta ijitengeneze papo hapo. Ikamletea orodha ndefu ya vitu itakavyoviondoa, na katikati ya orodha akaiona programu yenyewe anayoandikia. Chini yake swali: aendelee, ndiyo au hapana? Programu ikienda, na karatasi ya Safia je, haitakwenda nayo? Isingekwenda, lakini nani alikuwepo wa kumwambia? Akajibu hapana. Akachukua flash, akainakili ile karatasi, akaiweka flash mezani, akapumua kidogo.

Ndipo Djamali akaingia, peke yake, saa nzima kabla ya muda walioagana. Alimsalimia vizuri, akauliza habari za watoto, akaiangalia kompyuta, kisha akaiangalia flash.

"Mama, usiteseke," akasema. "Mwenzako mwenye imprimante hapa mjini hana wino, unajua. Unipatie ile flash. Nitapita Lusangi kwa mukwe wangu Atumani, yeye iko na imprimante muzuri. Nitatia saini kulekule, motari wa pikipiki atarudisha makaratasi."

Maneno ya upole, na upole huo ndio uliomtisha. Flash si jiwe la kaburi. Kule Lusangi jina moja lingefutwa, jingine likaandikwa, na karatasi ingerudi na saini ya mkubwa wa ukoo. Iliasi angepelekewa Nyangwe, akatia saini pale alipotia kaka yake. Safia hajui kusoma. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale. Lakini kama moyo wa mzee huyu ni safi? Alilia kaburini kwa ndugu yake, watu walimwona. Kumnyima ni kumwita mwizi usoni pake. Na akimnyima, halafu mashine isipone mpaka adhuhuri, basi nyumba ya Safia imepotea mikononi mwa Pascaline, si mwa mwingine.

"Papa Djamali, unisamehe," akasema mwishowe. "Maneno haya yalisemwa mbele ya watu. Yatatoka mbele ya watu."

 Djamali alivuta kiti, akakaa mlangoni, akatazama saa yake. Mama Pascaline akaifunga flash kwenye pindo la kitenge.

Sasa akafanya kama alivyoambiwa, moja baada ya nyingine. Aliitoa kwa jina ile pilote aliyoilazimisha; kompyuta ikanung'unika, ikaitoa. Akaomba matengenezo tena. Safari hii orodha ilikuwa na vitu viwili vidogo, programu ya kuandikia haimo. Alisoma mara tatu ndipo akakubali. Vifurushi vikapona. Akaanza kushusha pilote yenyewe, kwa mega alizonunua asubuhi. Asilimia thelathini. Arobaini. Mtandao ukapotea, ukarudi, ukapotea. Betri ya paneli ikaanza kulia. Nje Iliasi alikuwa amefika, na motari wawili wanapiga honi kama wana msiba kwao.

Adhana ikaanza. Mama Pascaline, Mkatoliki wa kubatizwa, akafanya ishara ya msalaba, maana wazee walikwenda kuswali na yeye akapata robo saa.

Waliporudi pilote ilikuwa imeshaingia, wakakuta karatasi ya kwanza inatoka, nyeusi na safi. Alitoa nne. Akawasomea kwa sauti tangu mwanzo. Iliasi akatia saini, akatoka kufunga mizigo yake. Djamali akazichukua akazisoma mwenyewe zote nne, kidole chini ya mstari. Penye nyumba kidole kikasimama, kikakaa. Kisha akatia saini, mara nne.

Alikuwa ameshasimama ndipo akasema, bila kumtazama:

"Ulinihesabu mwizi, mama."

 Mama Pascaline aliona haya, akaanza kuomba radhi, Djamali akamkatiza.

"Usiombe musamaha. Kama ungenipa ile flash, mimi mwenyewe sijui kule Lusangi ningefanya nini."

Akavaa kofia yake, akaenda kupanda pikipiki.