Nilivyolinyoosha gari la mzee wa Jeddah, kisha nikalirudisha lilivyokuwa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naandika nikiwa nimekaa uwanja wa ndege Jeddah, sanduku katikati ya miguu, mgongo unauma. Sina nguvu hata ya kutia chumvi. Haya yote nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu kubwa nimeyafunga na kuyafungua kwa spana zangu mwenyewe.

Mie ni fundi magari, mtu wa Tanga, jina Omari. Huu ni mwaka wangu wa sita Riyadh, kwenye gereji moja huko sanaiya, eneo la magereji. Mwenye gereji ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, tumwite Turki. Kijana wa miaka thelathini na kitu, si mtu mbaya, ila ana haraka na kila kitu.

Mwaka huu nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Binti yangu wa pekee, Zuhura, alikuwa anaolewa.

Mama yake alishatangulia mbele ya haki, mtoto kabaki na mimi. Na kwa sisi Waislamu mnajua, baba ndiye walii. Ndiye anayemshika mkono bwana harusi na kutamka maneno ya kuozesha. Nilikuwa nayafanyia mazoezi jikoni nikisonga ugali, mpaka mwenzangu wa chumba akayakariri na yeye.

Shida ni moja, siwezi kutoka nchini bila Turki kuikubali ruhusa kwenye simu yake. Nikamwomba mapema kabisa.

Akaniambia, "Omar, kuna gari la baba nataka ulitengeneze. Likifika Jeddah salama, siku hiyo hiyo nabonyeza ruhusa yako."

Nikasema hadhir.

Mlioko huku mnalijua hilo neno. Maana yake "nipo tayari, bosi". Ni la kwanza kujifunza, na ukishalizoea linatoka lenyewe kabla hujafikiri. Lishikeni, tutalirudia.

Sasa gari lenyewe. Ni muscle car ya Kimarekani, ya zamani kuliko mimi, V8, boneti ndefu kama kitanda. Baba yake Turki alilinunua ujanani na hajawahi kuliuza. Turki alilichukua Jeddah kwa kisingizio cha kwenda kulipiga rangi, akalileta Riyadh. Alitaka kumfanyia mzee surprise.

Wale wa magari mtanielewa. Injini ilikuwa inavuta balaa, ila kona hamna kitu. Springi zimechoka. Breki za dramu miguu yote minne, unakanyaga huku unasoma dua. Usukani una mchezo, unazungusha kwanza, tairi zinapata habari baadaye. Gia ni otomatiki, mkono wake uko kwenye shingo ya usukani, na kwa hiyo mbele kuna kiti kimoja kirefu cha ngozi, kama sofa. Ukikata kona body lote linalala upande, na abiria anateleza.

Turki akasema anataka likate kona kama gari la kisasa.

Nikaingia kazini. Miezi miwili, wakuu. Nikabadili springi zote, shokapu, bushi, boljointi, nikaweka stabilaiza nene mbele na nyuma. Dramu nikatoa, nikafunga diski nne na masta silinda mpya. Usukani nikaweka wa power. Giaboksi nikatoa, nikaweka ya manyuo ya gia tano yenye mkono chini sakafuni, propela shafti ikabidi ikatwe upya, difu ikabadilishwa. Na kwa kuwa mkono wa gia umehamia katikati, lile sofa likatoka, vikaingia viti viwili vya michezo vinavyokukaba mbavu.

Mgongo wangu huu mnaosikia nalalamika, ulianzia hapo.

Sasa niwaambie tabia yangu moja. Bwana mkubwa aliyenifundisha ufundi Tanga alikuwa na sheria: kifaa kibovu ni mali ya mwenye gari. Unabadilisha bushi, unaifunga ile ya zamani kwenye gunia, unamkabidhi. Ndipo anajua hukumwibia. Nyumbani fundi asiyerudisha vya zamani anaonekana tapeli hata kama kazi yake safi.

Huku hakuna anayeuliza. Vyuma vya zamani vinaenda skrapu siku hiyo hiyo. Mimi nimeshindwa kuacha. Kila nilichokitoa kwenye lile gari nilikifuta grisi, nikakiandika kwa chaki, nikakisukuma chini ya kitanda changu. Giaboksi la zamani lilikaa mlangoni tunaliruka. Lile sofa tukaliegemeza ukutani, tukawa tunakalia tukinywa chai.

Mwenzangu wa chumba ni Wafula, fundi umeme, Mkenya wa Bungoma. Alinisema sana.

"Mzee wa Tanga, hapa ni Saudi, hakuna mtu atakuja kukuuliza bushi. Halafu mbona nalala na giaboksi kama bibi?"

Nikamjibu kwamba sofa mbona analikalia. Akaongeza chai.

Gari likaisha. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika Ijumaa ya ndoa. Nilikuwa nimeshakwenda sokoni Batha kununua sanduku, udi na mapambo ya Zuhura, kila kitu kimefungwa.

Tukaondoka Riyadh alfajiri, Turki anaendesha, mimi pembeni. Jangwa refu, sina la kulisema. Ila tulipofika juu ya Taif na kuanza kuteremka mlima, zile kona za kujikunja, wakuu, nilijisikia fundi. Gari halikuyumba. Breki unagusa tu. Turki anacheka peke yake, ananipiga begani, "Omar, wallahi mkono wako dhahabu!"

Kichwani mwangu nilikuwa tayari nimeshika mkono wa bwana harusi.

Tukafika nyumbani kwa mzee, mtaa wa Aziziya. Mzee tumwite Abu Turki, ana kama miaka themanini, mwembamba, mpole. Anayemhudumia pale ndani ni dada mmoja Mkenya, Mwende, yuko nyumba ile muda mrefu. Wote wakatoka getini.

Mzee akalizunguka gari, akatabasamu. Akafungua mlango, tabasamu likakatika. Akaingia, akazunguka mtaa mara moja, akarudi, akazima.

Hakushuka. Alikaa ameshika usukani, machozi yanamtoka.

Turki akadhani ni furaha. Mimi pia. Mwende ndiye aliyenivuta pembeni.

"Kaka, mumefanya nini? Mama akiwa hai, kila jioni walikuwa wanatoka na hii gari. Mzee alikuwa anachagua njia ya kona za kulia makusudi. Gari ikilala, mama anateleza kwa hicho kiti mpaka kwake, na mzee anamshika na mkono. Wanacheka kama watoto. Tangu mama afariki, miaka minne, mzee bado anazunguka peke yake vile vile."

Miezi miwili nimefanya kazi ya kuondoa kitu pekee ambacho mwenye gari alikuwa anakipenda. Na sikuuliza. Niliuliza saizi ya tairi, niliuliza rangi ya ngozi, sikuuliza mzee analitumiaje gari lake.

Mzee akashuka. Akamuuliza mwanawe kwa upole kabisa, vya zamani viko wapi.

Turki akajibu haraka, "Halas yaba, mafi, hakuna kitu. Vimekwenda skrapu."

Hakujua. Kwake yeye huo ndio ulikuwa utaratibu. Lakini mzee akanigeukia mimi.

"Kweli, ya Omar?"

Wakuu, hapo ndipo penyewe. Ningesema "kweli, baba", yakaisha. Mzee angelia siku mbili, Turki angebonyeza ruhusa, mimi ningepanda ndege. Hakuna mtu duniani angejua isipokuwa Wafula na kitanda changu.

Mdomo ukasema, "Vipo, baba. Vyote. Hata kiti."

Mzee akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu paji la uso. Akasema, "Nirudishie gari langu, mwanangu."

Nikasema hadhir.

Mnaona? Nilitaka kusema na lile jambo la ndoa. Lakini mzee analia, bosi ananitazama kwa jicho ambalo naogopa, na mimi miaka sita nimezoea neno moja.

Tulipotoka nje Turki aliniambia sauti ya chini, "Umeniaibisha mbele ya baba. Utavirudisha wewe mwenyewe, na hutoki mpaka gari limerudi hapa."

Nikamkumbusha ndoa. Akasema harusi zinaahirishwa.

Haikuahirishika. Kadi zilishatoka, wageni wa upande wa pili wanatoka mbali. Nilimpigia Zuhura nikiwa njiani kurudi Riyadh, gari limebebwa nyuma kwenye lori. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba, kwani hilo gari limebeba mgonjwa?" Afadhali angelia.

Wenye ufundi mnajua, kurudisha ni kazi kuliko kubadilisha. Vishikizo nilivyokata ilibidi nivichomelee upya. Propela shafti ya zamani haikukaa mpaka nilipohamisha maungio. Breki za mzee sikuzirudisha, nilisema zile dramu zitamuua, na hilo Turki alikubali. Vingine vyote vikarudi, vyuma vyake mwenyewe, nimevibadilishia mpira tu palipooza. Wiki tatu na ushee.

Ijumaa ya ndoa niliipokelea chini ya gari. Mikono ilikuwa imebeba springi ya nyuma, siwezi kuiachia. Wafula alikuja akachuchumaa, akaniwekea simu sikioni.

Nikamsikia mdogo wangu Bakari, niliyempa uwakala, akitamka maneno yangu. Aliyatamka vizuri. Alisita mahali pamoja, nikamsaidia kwa kunong'ona, ila hakunisikia.

Kisha vigelegele. Kisha mtandao ukakata.

Nililia, wakuu, sioni aibu kusema. Wafula akaenda kukaa kwenye sofa, akanigeuzia mgongo mpaka nilipomaliza.

Juzi tukalipeleka gari Jeddah. Mzee akaingia, akagusa kiti, akaniambia mimi nikae pembeni yake, si mwanawe.

Tukazunguka Aziziya taratibu. Ikaja kona ya kulia. Body likalala, ngozi ikateleza, nikamwendea mzima mzima. Na mkono wake wa kulia ukatoka wenyewe, ukanidaka begani.

Tukacheka wote wawili.

Alipopata sauti aliniuliza, "Una watoto?"

"Binti mmoja, baba. Ameolewa."

"Mashallah. Lini?"

"Ijumaa, wiki mbili zimepita."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu. Akasimamisha gari pembeni ya barabara.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chini ya gari lako, baba."

Alikaa, mikono kwenye usukani kama siku ile ya kwanza. Kisha akaniuliza kwa nini sikusema. Nilimwambia nilidhani si mahali pangu.

Akasema, "Miaka minne nazunguka na kiti kitupu. Unadhani ningeshindwa kungoja mwezi?"

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeibeba, hasira za huku nimezizoea. Alisema kama mtu aliyechoka, na mimi nimechoka, tukabaki hivyo barabarani mpaka watu wakaanza kupiga honi.

Tuliporudi, alimwita Turki ndani. Sijui walisemezana nini. Jioni hiyo hiyo ruhusa ikaingia kwenye simu yangu, na Turki akanipeleka mwenyewe kukata tiketi. Alipokuwa ananiaga alisema tu, "Samahani, Omar." Nikataka kusema hadhir, nikajizuia, nikasema asante.

Sanduku la Batha nilitoka nalo Riyadh, ninalo hapa. Zuhura yuko kwa mumewe sasa. Nitamkuta kama mgeni wake.

Somo ninaloondoka nalo ni dogo. Mafundi, kabla hujanyoosha kitu cha mtu, muulize anayekikalia, usimuulize anayekuletea tu. Na sisi tulioko ugenini, tumejifunza kukubali mpaka tumesahau kwamba hata mtu mwema hawezi kukuonea huruma kwa jambo usilomwambia. Nilimlaumu Turki wiki tatu nzima. Leo najilaumu na mimi kidogo.

Karibuni mchangie, hata wa kunisema aniseme tu, nina saa tatu za kungoja hapa. Ungekuwa wewe umesimama pale getini, ungesema vipo, au ungesema mafi uwahi ndege?

Mimi nimelifikiria njia nzima. Ningesema vile vile. Ila ningeongeza sentensi moja ambayo ingechukua pumzi moja tu: "Vipo, baba, lakini Ijumaa namwozesha binti yangu."