Haachi besi mpaka mrithi wake aive

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, viti vya klabu ya wafanyakazi mjini Halifax, Uingereza, bado vimepinduliwa juu ya meza. Wilf Ackroyd anaingia na gitaa lake la besi mgongoni, anamtania mhudumu wa baa kwa kipigo cha timu yake jana, kisha anaketi na kuanza kukanda vidole. Anavikanda robo saa nzima.

"Navibembeleza kwanza," anasema. "Nisipovibembeleza, vinaninunia."

Wilf ana miaka 74. Tangu 1971 ndiye mpiga besi wa Cinder Lane, bendi ya bluzi na roki iliyoanzishwa na vijana watano wa kiwanda cha mazulia. Kiwanda kilishafungwa. Kati ya wenzake wanne, wawili wako Australia na wawili makaburini. Watu 23 wamepita katika bendi hiyo, na yeye ndiye aliyebaki akiwapokea wageni na kuwaaga wanaoondoka.

Kilichoiokoa bendi ni sharti walilojiwekea mwanzoni: hakuna kuondoka mpaka umfundishe mrithi wako nyimbo zote mwenyewe, bila karatasi. Mpiga kinanda mmoja aliahirisha hata harusi yake.

Sasa zamu imemfikia Wilf, naye anashindana na baridi yabisi. Nyimbo 30 ameshazikabidhi. Umebaki mmoja, na ndio ambao vidole vyake haviuwezi tena. Onyesho lijalo ni kesho mchana. Asipoumaliza leo, wamekubaliana kuwa yeye, mwanzilishi wa mwisho, ataondoka na jina la bendi, na Cinder Lane itakuwa imekwisha.

Mrithi wake ni Rukhsana Mirza, 46, dereva wa basi la mjini. Anafika akiwa bado na sare ya kazi.

"Mzee, leo mkono au mdomo?"

"Mdomo, dada. Mkono umegoma."

Wilf anaimba besi kwa mdomo, huku mguu ukihesabu sakafuni. Rukhsana anamfuata kwenye nyuzi, na wenzao wa bendi wanaingia. Mara ya tatu anakaribia kuumaliza wimbo, lakini mpiga ngoma, Clifton Braithwaite, anasimamisha fimbo zake ghafla.

"Hapo umeingia mapema, bibie."

"Mapema wapi? Hesabu yangu iko sawa. Nyie ndio mnachelewa!"

Wote wanamgeukia Wilf. Mzee amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Anakiri kwamba mwaka 1973, wakirekodi santuri yao ya kwanza, alipiga chafya mahali hapo hapo pa wimbo, akachelewa pigo moja. Pesa ya kurudia hawakuwa nayo. Santuri ikapendwa, na kila aliyeondoka akamfundisha mrithi wake kusubiri.

"Yaani miaka thelathini na moja nasubiri chafya yako?" Clifton anafoka. "Aliyenifundisha aliniambia ndiyo roho ya wimbo!"

"Na mimi nilimwambia hivyo hivyo. Ningesemaje, ndugu yangu?"

Rukhsana anacheka mpaka analiweka gitaa chini. Kisha analiinua. "Haya, nitaisubiri. Na atakayenifuata nitamfundisha aisubiri."

Wanarudia. Wimbo unapita salama mpaka mwisho, na Wilf anatoa leso, analia waziwazi mbele yao bila kuona haya.

Muziki haukumtajirisha. Onyesho moja humpa pauni 60, na akishaweka mafuta kwenye gari, zinabaki za samaki na chipsi na mkewe, Noreen. Hanung'uniki.

"Watu 23 waliacha wake zao na chai ya moto wakaja kupiga na mimi humu kwenye baridi," anasema. "Nashukuru. Kwa kweli nashukuru sana."

Kesho hatapanda jukwaani. Ameomba kiti cha mstari wa mbele, pembeni ya Noreen.

"Miaka hamsini na minne nimesimama nyuma, jirani na ngoma, nasikia besi yangu na fujo za Clifton na waliomtangulia. Bendi yenyewe sijawahi kuisikia," anasema. "Kesho nataka nijue watu walikuwa wakishangilia nini."