Picha Zote Zishushwe

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi kwetu Mukuyuni, Makueni, kungoja barua ya kazi, na kabla sijamaliza kutoa nguo sandukuni wazee wa kanisa letu walinifanya katibu. Sababu yao ilikuwa kwamba nina digrii. Hawakuuliza ya nini. Ilikuwa ya historia, na sehemu kubwa ya mwaka wa mwisho niliimaliza nikisoma ugomvi wa Bizanti, ile dola ya kale ya Kikristo: jinsi wafalme na maaskofu walivyopigania kwa zaidi ya miaka mia moja kama ni halali Mkristo kuweka picha takatifu. Nilidhani maarifa hayo hayatanifaa kitu Makueni.

Kisha pasta akaenda semina Nairobi, akarudi mtu mwingine. Jumapili alitangaza kwamba picha yoyote ya mtu ukutani ni sanamu, hata Yesu wa kalenda. Kamati ikapitisha azimio: picha zote zishushwe, na atakayekataa asishiriki Meza ya Bwana. Azimio niliandika mimi. Nilijiuliza kama picha ya kitambulisho imo, nikaogopa kuuliza, nikaandika.

Kila mtu alijua aliyelengwa ni mama yangu. Baba alipokufa alituachia picha yake moja tu, iliyopigwa studio ya Sultan Hamud, na mama aliitundika dukani kwake, nyuma ya kaunta. Kila asubuhi akifungua mlango aliiambia, "Tumeamka. Sukari imepanda tena." Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuja kununua kiberiti, alimsikia.

"Mama, unaongea na picha," pasta alimwambia.

"Na mbuzi pia naongea nao, Pasta. Umewahi kuniona nikiwapigia magoti?"

Wiki nzima nilijiandaa kumtetea. Niliandika kurasa nne za hoja za watawa waliosema kuheshimu picha si kuiabudu. Halafu nikaona upande wa pili nao una hoja nzuri, nikaziandika pia, kwa haki. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimejishinda mwenyewe.

Jumamosi kamati ilifika dukani: pasta mbele, wazee wawili nyuma, na mimi na daftari, nisijue nisimame upande gani wa kaunta.

"Digrii, soma azimio," pasta akasema. Nikasoma.

Mama alisikiliza huku akimpimia mteja maharagwe. Alipomaliza akasukuma stuli mbele yao. "Sawa. Mimi ni mshirika mtiifu. Shusheni wenyewe, mguu unaniuma. Ila mwanze na aliye juu."

Tukatazama juu. Juu ya baba alikuwa Rais, katika fremu yake, kama alivyokuwa katika kila duka lililotaka kubaki na leseni. Karani wa chifu, aliyekuwa akinywa soda kwenye benchi, aliweka chupa chini polepole.

Mzee wa kwanza alisema goti lake ni bovu. Wa pili alikumbuka ng'ombe.

"Si mmesema zote?" mama aliuliza. "Katibu, rudia."

"Zote," nikasema.

"Ni katibu ameandika hivyo," pasta akasema kwa sauti, akigeukia benchi.

Wafalme wa Bizanti walioondoa picha za Kristo waliacha sura zao wenyewe kwenye sarafu. Chuoni niliandika kwamba jambo hilo linahitaji utafiti zaidi. Pale dukani halikuhitaji.

Pasta alikohoa. "Wapendwa, azimio lilihusu nyumba za kuishi. Duka ni mahali pa biashara."

"Amina," wazee wakadakia. Wakaomba kwa ufupi, macho wazi, wakaondoka.

Kesho yake mama alipanga foleni ya Meza ya Bwana kama kawaida. Pasta alimpa mkate bila kumtazama usoni. Mimi nilibaki nimekaa, nikipima kama mtu aliyeandika azimio asiloliamini anastahili kusogea, na kama kutosogea nako si kiburi.

Mama aliporudi alinipiga kiwiko. "Nenda bwana, wanafunika vikombe."

Nikaenda.