Insulini Ndani ya Chungu

Phoebe hakuwa mtu wa kulala na swali. Mwaka wa 1999, sukari ya mumewe Hezekiah ilipokataa kushuka ilhali alijidunga insulini bila kukosa, majirani wa Navakholo walinong'ona kwamba amerogwa. Phoebe alivaa viatu vya kanisani akashika njia ya Kakamega.

Hezekiah alikuwa mkulima wa miwa, mtu wa miraba minne aliyebaki mifupa. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimeshakatwa, na sasa kisigino kilianza kidonda.

"Mama Wanzala, wachana na mimi," alikuwa amemwambia mkewe. "Hata dawa imenichoka."

"Mimi sijachoka," Phoebe alimjibu.

Mjini, Rachael, binti wa kaka yake, alipiga chapa katika ofisi iliyokuwa na kompyuta yenye intaneti.

"Nitafutie ugonjwa wa sukari humo," Phoebe alisema kabla hajaketi.

Intaneti yenyewe ilipitia laini ya simu. Laini ilishika, ikakatika, ikashika, ikakatika tena. "Senje, mvua ikinyesha huwa hivi," Rachael alimwambia shangazi yake. "Urudi wiki ijayo."

"Tungoje mvua iishe."

Alasiri kurasa zilifunguka. Zilikuwa za Kiingereza, zimeandikiwa wagonjwa, wanaowauguza na wahudumu wa afya. Rachael alisoma akimfasiria kwa Kiluhya: chakula, miguu, sindano. Alipofika kwenye insulini na joto, Phoebe alimshika mkono.

"Rudia hapo."

Insulini ikipigwa na joto huharibika. Kliniki walikuwa wamemwambia aiweke mahali pa baridi, naye alidhani kivuli kinatosha. Chupa ilikaa rafuni, chini ya mabati yaliyochoma kutwa nzima. Friji hawakuwa nayo. Lakini ukurasa wa wauguzi ulieleza njia nyingine: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, na dawa ndani ya kile kidogo ipozwe maji yakikauka.

Rachael alichapisha kurasa hizo. Phoebe alizipeleka kliniki kwanza, kwa Sista Jescah, muuguzi wa wagonjwa wa sukari. Sista alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Chungu kitafaa," alisema. "Ile chupa ya nyumbani itupe, nitakupa mpya. Lakini mlete mzee nimpime upya, maana dawa isiyoharibika itamshika kwa nguvu. Akitetemeka na kutoka jasho, sukari imeshuka mno; mpe chai ya sukari haraka."

Hezekiah alipimwa, chupa mpya ikakaa ndani ya chungu, na sukari ikashuka. Kidonda cha kisigino kilichukua miezi, lakini kilifunga, na Hezekiah akarudi kupalilia miwa.

Sista Jescah alimwomba Phoebe awafundishe wagonjwa na wanaowauguza siku ya kliniki. Mzee mmoja aliuliza kama obusuma, yaani ugali, ni mwiko.

"Kula, baba, ila usijaze sahani. Jaza mboga."

Mwanamke mwingine aliuliza kwa nini macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Sista alimwandikia aende akapimwe macho siku hiyo hiyo. Phoebe aliondoka na swali hilo la macho, likamkera njia nzima. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Rachael, ofisi haijafunguliwa.