Bilauri ya Mgeni

Bomba la wafadhili tulilikosa mara ya kwanza kwa sababu ya adabu. Mama yangu angekuwepo angenikatalia, kisha angekukaribisha ukae, ule.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilikuwa zikishusha watu kutoka Burundi na Kongo, na magari meupe yenye antena ndefu yalijaa Kigoma mpaka mbuzi wakaacha kuyakimbia. Wengi walipelekwa makambini, lakini wengine walikuwa na jamaa mjini, au waliwapata walipofika. Kwetu Buzebazeba karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake. Sisi tulikuwa na dada mmoja wa ng'ambo, Mkongo, aliyeshuka botini na sufuria moja, na nywele zilizosukwa vizuri kuliko za mwanamke yeyote mtaani. Mama alimpa kitanda changu.

Watu waliongezeka, maji hayakuongezeka. Tulichota kwenye kisima cha bondeni, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mvua zilizotangulia, kipindupindu kilimchukua mtoto wa kaka yangu. Asubuhi alikuwa anacheza, jioni tunamzika. Mimi nilikuwa na binti mchanga, na niliogopa, sifichi. Habari za maendeleo sikuwa nazo. Nilitaka bomba kabla ya mvua nyingine, basi.

Ndipo mtendaji wa mtaa akatangaza kwamba shirika moja linatoa ruzuku ya maji safi kwa mitaa ya mjini iliyopokea wakimbizi. Afisa wao angekuja kujionea shida, na angeanzia kwetu, kwa kuwa mama alikuwa mjumbe wa kamati ya maji.

Mama alichosikia ni kwamba anakuja mgeni. Alfajiri alinituma mpaka nyumba za watumishi wa serikali, kwa shoga yake mwenye bomba, nikaomba ndoo moja. Mama akayachemsha maji, akayapoza, akaufukiza mtungi kwa ubani. Ndoo zetu chafu alizificha uvunguni. Akapika samaki, migebuka ya ziwani, kwa mawese. Ua ulifagiliwa mpaka kuku wakaonekana hawana adabu.

Afisa alikuwa kijana wa Kitanzania kutoka Dar, mpole. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu maji."

Akanywa bilauri nzima, akaomba nyingine. Akauliza, "Maji haya mnayapata wapi?"

"Yapo tu," mama akajibu. Kwetu humwambii mgeni taabu ya alichokunywa. Ni kama kumdai.

"Na wakimbizi mnao?"

Mama akamtazama dada wa ng'ambo, aliyekuwa anatenga ugali. "Hatuna," akasema. "Huyu ni binti yangu."

Kijana akaandika. Nikatamani ardhi inimeze, lakini mbele ya mgeni mama yako humkosoi. Aliondoka ameshiba. Baadaye mtendaji akatuambia kwamba ruzuku imekwenda mtaa mwingine, maana kwetu maji safi yapo na wakimbizi hatuna.

Nilimfokea mama siku hiyo. Nilimwambia, "Mjukuu mmoja umeshamzika kwa adabu yako, unamtaka na huyu?" Alikwenda kukaa jikoni, na mimi nikabaki nimesimama na maneno yangu. Halikuwa kosa lake mtoto yule kufa, nilijua.

Fedha za wafadhili zina msimu wake, kama dagaa. Kabla ya mvua tukaambiwa kuna awamu ya pili na kijana yuleyule atarudi. Safari hii mtaa uliitisha kikao, na azimio likapita bila kupingwa: mgeni asikarimiwe. Asipikiwe, asifagiliwe, ndoo zikae nje, na maji ya kisimani yawekwe mezani ayaone. Dada wa ng'ambo alitakiwa aonekane mkimbizi. Akaazima kanga yangu iliyochanika na kufunga kichwa, akajitazama kwenye kioo. "Yoo! Hata siku ile natoka Kongo sikuwa hivi."

"Mgeni aondoke kwangu na njaa?" mama akalalama. "Watu watasema nini?"

"Watu ndio waliopitisha, mama."

Kijana alifika na jua la mchana, jasho linamtiririka. Mama alijikaza. Hakumkaribisha chakula. Maji ya kisimani aliyaweka mezani kama alivyoagizwa, ila mkono wake ulikataa kuyaweka hivihivi: aliyatia kwenye bilauri ileile, juu ya sinia, na kitambaa cha kufuma chini yake.

Kijana naye alikuwa amelelewa. Maji ukipewa huyakatai. Aliyatazama, akainua bilauri.

Mama akamdaka mkono. "Usinywe, mwanangu! Hayo ni ya kuonyesha."

Akairudisha mezani. Akamtazama mama, akazitazama ndoo zilizopangwa uani kama gwaride, na kanga ya dada wa ng'ambo. "Mama," akasema taratibu, "safari ile nilikunywa hapahapa. Yalikuwa safi, yananukia ubani. Leo mnaniigizia?"

Nilikuwa nimempakata binti yangu, na nikajua bomba limetuponyoka tena.

"Yale yalikuwa ya kuazima," mama akasema. "Yetu ndiyo haya." Akaichukua bilauri, akanywa yote, mpaka tope la chini. Nikapiga kelele, "Mama!" Akafuta mdomo kwa upande wa kanga, akaiweka bilauri kwenye sinia, akakinyoosha kitambaa.

Kijana akafungua daftari lake, akaandika.

Mama aliharisha siku kadhaa. Alisema ni samaki. Mimi nilimuuguza kwa maji ya chumvi na sukari, nalia, na yeye ananigombeza kwa kulia.

Bomba lilifunguliwa mvua za kwanza zimeshaanza. Kabla hajachota mtu, mama alijaza bilauri, akaifunika kwa kisahani, akaiweka juu ya meza. Ya yule kijana, akasema. Safari ile aliondoka na kiu. Kila asubuhi aliyabadilisha. Kijana hakurudi. Walikuja wengine kulipiga picha bomba, wakaondoka.

Binti yangu alipoanza kutembea, alijivuta mpaka kwenye meza, akakiangusha kisahani kikavunjika, akayanywa maji ya mgeni yakimwagikia kifuani. Nikanyanyua mkono nimchape.

"Mwache," mama akasema. "Ni yake."

Akaijaza tena bilauri, akaenda kutafuta kisahani kingine.