Mpima Udongo wa Kiangazi

Walimwita Bwana Mng'aro kwa ajili ya viatu vyake, naye kwa kuvimba kichwa alidhani anasifiwa. Kazi yake ilikuwa kupima udongo mlimani kabla mtu hajapewa kibali cha kuchimba shimo la maji ya choo. Unachimba kishimo, unamimina maji, unatazama kama yanazama au yanagoma. Kazi ya maana, akapewa mtu mzima ovyo.

Udongo wa mlimani husema kweli wakati wa mvua, maji ya chini yanapopanda juu. Mvua ikinyesha, Bwana Mng'aro alishinda ofisini na kikombe cha chai, anaogopa tope. Aliibuka kiangazi, ardhi imekauka, inafyonza chochote unachomwaga. Kila mwombaji akapata kibali, na yeye akajiona ana roho nzuri!

Kiangazi kimoja tajiri mmoja aliomba kujenga nyumba ya wageni juu kidogo ya nyumba ya mama yake Mng'aro. Katikati ilikuwepo chemchemi, na mama huyo hakuwa na maji mengine. Alimfuata mwanawe pale pale kwenye kishimo.

"Mwanangu, mvua zikija hapo maji yanafika magotini. Si ungengoja upime wakati huo?"

"Mama nawe! Kazi yangu unanifundisha wewe?"

Akamimina ndoo. Maji yakazama kabla hajamaliza kufuta vumbi la viatu. Kibali kikatoka, na mama akarudi kwake bila kuaga.

Mvua zikaja, wageni wakaja. Shimo likajaa, likafurika, likatafuta njia ya kuteremka. Mama alituma watu wamwite mwanawe, mara ya kwanza, mara ya pili, naye akatia pamba masikioni. Alikuja mvua zilipopungua, anahema, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba, anamlaumu dereva aliyemshusha mbali.

Mama hakumgombeza. Alimkaribisha kiti, akateka maji ya chemchemi, akampa kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa, baba. Umechoka."

Harufu ilimfika kabla ya kikombe. Alikishika tu, macho chini.

"Sina kiu, mama."

"Haya. Basi osha viatu."

Bwana Mng'aro aliviangalia viatu vyake, akakiangalia kikombe, akarudisha miguu chini ya kiti.