Breki za Yoeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Mkuu wa Karakana aliniuliza kama najua kunyoosha rimu, nikajibu najua, kwa sababu nilikuwa nimemwona mjomba wangu akifanya hivyo mara mbili. Akanipa gurudumu lililopinda na kile kispana kidogo cha spoku, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi, gurudumu lilikuwa limepinda pande mbili badala ya moja.

"Nenda nyumbani," alisema. "Mwambie mama yako karakana hii si ya kujifunzia uongo."

Nilifika getini nikashindwa kwenda mbele, maana nyumbani walikuwa wameshawatangazia majirani kwamba nimepata kazi ya serikali. Nikakaa pale pale. Saa sita alitoka akanikuta.

"Hujaondoka?"

"Sijaondoka, Mzee."

"Basi ingia ufagie. Kesho nitakuonyesha rimu."

Ndivyo nilivyoanza ufundi wa baiskeli pale Bakoba, mjini Bukoba, miaka michache baada ya Uhuru. Vijana wa sasa wenye pikipiki hunicheka nikisema nilikuwa fundi wa baiskeli wa serikali. Wacheke tu. Wakati ule bwana shamba, muuguzi, karani wa mahakama na tarishi wote walifika walikokwenda kwa baiskeli tulizozifunga sisi, na baiskeli ikilala karakana wiki moja, kuna kijiji hakikuchanjwa wiki hiyo.

Mkuu wa Karakana alikuwa mkali lakini hakuwa mchoyo wa ujuzi. Alinifundisha kwamba spoku hazikazwi kwa macho bali kwa sikio: unazigonga moja moja, na iliyolegea inatoa sauti ya uzembe. Alinifundisha kuosha gololi kwa mafuta ya taa, kuzihesabu kabla ya kuzirudisha kwenye ekseli, na kutupa zote hata kama iliyopasuka ni moja. Jambo alilolirudia mpaka tukachoka ni kwamba fundi hampi mtu baiskeli asiyoweza kuipanda yeye mwenyewe. Nilimwitikia kila mara. Kuitikia ni rahisi.

Nilipokaa miaka saba hapo mjini nilihamishiwa Muleba. Sasa tulikuwa ndani ya ujamaa, kila mtu ni Ndugu, na michezo nayo ilikuwa kazi ya taifa. Alikuwapo afisa mmoja aliyesimamia mambo hayo, sisi tulimwita Bwana Michezo, na nitaliacha jina lake maana ana wajukuu wasio na kosa. Alikuwa mnadhifu sana, suruali yake imepigwa pasi hata siku za mvua. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye baiskeli za matarishi akanikabidhi timu ya mbio za baiskeli.

Msimu wa mbio ulianza kiangazi, baada ya masika kukatika na barabara kukauka. Lakini maandalizi yalianza mwezi mzima kabla. Wapanda baiskeli walikuja kutoka Kamachumu, Buganguzi na vijiji vya kando ya ziwa, kila mmoja na baiskeli yake nzito ya kubebea ndizi, na mimi kazi yangu ilikuwa kuzivua. Tulisema kuvua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: unatoa karia, unatoa stendi, madigadi, kengele, taa, kava ya nyororo. Baiskeli iliyoingia karakana imevaa kama bwana harusi ilitoka mifupa mitupu. Kisha unafungua ekseli zote, unaosha, unaweka grisi kidogo, unanyoosha rimu mpaka gurudumu likizunguka lisiguse hata kijiti ulichokisogeza karibu kama unywele.

Na breki tulizitoa pia. Hapo watu wa mikoa mingine hushangaa. Breki za baiskeli zile zilikuwa za fimbo za chuma, nzito, na watu wetu hawakuziamini. Mtu anayeshuka kutoka Kamachumu na mikungu minne ya ndizi hafungi breki ile, itakatika. Anavaa katambuga, ndala nzito za kukatwa kwenye tairi la gari, ananyoosha mguu nyuma na kukandamiza soli juu ya gurudumu. Ni ujuzi. Mguu ukikosea nusu inchi unaingia kwenye spoku. Watoto wa huku walijifunza hilo kabla ya kujifunza hesabu, na walipokuja kwenye mbio walitaka fimbo za breki zitolewe wawe wepesi kupanda mlima. Nilizitoa, nikaziweka kwenye sanduku langu la vifaa.

Aliyewazidi wote kushuka alikuwa Yoeli wa Buganguzi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, mpole kupita kiasi, mwana wa mzee wa kanisa la Kilutheri. Nyumba yao ilikuwa ya walokole hasa, watu wa uamsho. Hawakugusa pombe, hata kwenye harusi walikunywa chai. Katika nchi ambayo lubisi, pombe yetu ya ndizi, ndiyo salamu ya mgeni, hilo lilikuwa jambo la kumtambulisha mtu. Sisi Wakatoliki tulimtania.

"Yoeli, onja kidogo tu, mguu upate nguvu."

"Mguu una nguvu, waitu, ndugu zangu. Kunyweni nyie mnaosukuma."

Mchumba wake alikuwa binti wa mwinjilisti wa usharika wao, na harusi ilipangwa baada ya msimu. Mazoezi yake yalikuwa kupandisha mikungu miwili hadi Kamachumu asubuhi na kushuka bila mzigo kabla jua halijawa kali. Nilimpenda kijana yule. Naandika hivyo ili mjue nilimfanyia nani.

Mwaka ninaousema, mbio za kuchagua timu ya mkoa zilipangwa kwetu, kutoka Muleba kupanda hadi Kamachumu na kurudi, na wageni wakubwa wangekuwepo. Asubuhi ya mbio Bwana Michezo alifika na boksi la raba mpya nyeupe. Akawapanga wapanda baiskeli mstari, akatazama miguu yao.

"Haya matairi mvue. Wageni wanakuja kuona wanamichezo wa taifa huru, hawaji kuona wachukuzi."

Nilimsogelea. "Ndugu Afisa, baiskeli hizi hazina breki. Hawa wanafunga kwa soli."

"Kwani raba haina soli?"

"Ni nyembamba, Ndugu. Itayeyuka."

Alinitazama kwa utulivu mkubwa, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Wewe ni fundi wa baiskeli au fundi wa viatu?"

Watu walicheka. Na mimi nikacheka.

Kulikuwa na saa nzima kabla ya kuanza. Fimbo za breki zilikuwa kwenye sanduku langu, hatua tano kutoka pale. Nisingewahi kuzifunga kwa wote, lakini kwa watatu wanaoshuka kwa kasi zaidi ningeweza, na wa kwanza angekuwa Yoeli. Sikufanya. Jina langu lilikuwa mezani kwa afisa yule, alikuwa anasubiriwa aandike kama nafaa kuwa Fundi Mkuu, na siku zile mtu akikuambia unahujumu shughuli ya taifa hukujua utaishia wapi. Nimejieleza hivyo kwa miaka mingi. Nikiyaandika nayaona yalivyo madogo.

Yoeli alinijia amevaa raba zake, anazikanyagakanyaga chini kuzijaribu.

"Fundi, hizi zitashika kweli?"

Nikamwambia, "Zitashika."

Aliniamini. Nilikuwa nimemnyooshea rimu msimu wa tatu huo, kwa nini asiniamini.

Mimi nilikaa nyuma ya gari la serikali lililofuata mbio. Yoeli alifika Kamachumu wa kwanza, akazunguka sokoni watu wakimshangilia, akaanza kushuka. Kwenye kona ya pili nilimwona ananyoosha mguu nyuma, kukatoka moshi mweupe. Akaurudisha, akanyoosha mwingine. Waliokuwa nyuma yake waliona moshi, wakajiangusha kwenye majani ya kando wakiwa bado hawajachanganya kasi. Yeye alikuwa ameshachelewa. Kona ya tatu hakuikata. Alipita kwenye ua wa kibanja, shamba la migomba la watu, akavunja uzio, akaingia moja kwa moja kwenye mtumbwi wa mti ambamo familia ile ilikuwa imesindika lubisi tangu jana yake. Mtumbwi ulipinduka, pombe yote ikammwagikia.

Tulimkuta amelala kwenye matope ya lubisi, paja limevunjika na nyonga imetoka mahali pake. Soli za raba zilikuwa zimekwisha, nyayo zimeungua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi, hazikushika."

Gari lilimpeleka hospitali. Muuguzi aliyempokea alimnusa na kuandika alichonusa.

Jioni ile Bwana Michezo alikuja karakana. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, gurudumu la mbele limejikunja.

"Kesho asubuhi watakuja watu kuuliza," alisema. "Fundi, baiskeli hii ina breki."

"Haina, Ndugu."

"Nimekuambia ina breki."

Akakaa kwenye kiti changu, akasubiri. Nilifungua sanduku nikazitoa fimbo. Nilizifunga za mbele na za nyuma, nikapinda moja kidogo ionekane imeumia kwenye ajali, nikapaka matope kwenye vishikio ili rangi yake ilingane na ya fremu. Nilifanya kazi safi. Mkuu wa Karakana wa Bakoba angeitazama asingeona kasoro, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Waliokuja kuuliza waliitazama baiskeli kwa dakika chache. Taarifa iliandikwa kwamba chombo kilikuwa kizima, breki zinafanya kazi, na mpanda baiskeli alikuwa amelewa. Chini palihitajika sahihi ya fundi. Nikatia sahihi. Wapanda baiskeli wengine hawakuulizwa, na hata wangeulizwa, nani angesimama amwambie afisa kwamba ni mwongo? Mimi niliyekuwa na sanduku sikusimama.

Nilipata Ufundi Mkuu miezi miwili baadaye. Nilihamishiwa Kamachumu, nikarudishwa Bukoba, nikawa na vijana wanne chini yangu, kisha tisa. Niliwafundisha spoku na gololi. Sikuwahi kuwafundisha lile neno la Mkuu wa Karakana kuhusu baiskeli usiyoweza kuipanda mwenyewe. Timu ya mbio ilikufa, baiskeli zikachakaa, Bwana Michezo akapandishwa cheo akaenda mbali. Siku ya kustaafu nilipewa cheti na redio, na msemaji akasema nimetumikia umma bila doa. Nikanyanyuka nikashukuru.

Yoeli alitoka hospitali na mguu mmoja mfupi. Taarifa ilikuwa imeshafika kwao kabla yake. Usharika ulimtenga na meza ya Bwana mpaka atubu, naye akakataa kutubu dhambi asiyoifanya, wakaona ana kiburi juu ya ulevi. Mwinjilisti alirudisha kila kitu cha uchumba na binti akaolewa Kamachumu. Baba yake alijiuzulu uzee wa kanisa. Yote hayo niliyasikia sokoni mwaka baada ya mwaka, nami nikinunua chumvi nikaenda zangu.

Mwaka wa pili wa kustaafu nilikwenda Buganguzi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, mguu ameunyoosha, anachambua kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Nywele zimekuwa nyeupe kabla ya zangu. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaagiza niletewe kiti.

"Karibu, fundi. Za siku nyingi?"

Nilimwambia nimekuja kusema jambo. Nikasema yote: fimbo zilikuwa sandukuni, kulikuwa na saa nzima, nilizifunga jioni, nilitia sahihi. Aliendelea kuchambua, buni mbovu anaitupa kando, nzima anaisukuma katikati.

"Hayo nayajua," alisema. "Nilikuwa juu ya baiskeli. Nilijua haina breki, na nilijua sikunywa. Nilipoambiwa umetia sahihi kwamba breki zipo, nikajua pia ni nani aliyezirudisha."

Akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Wewe tu."

Hapo ndipo alipoacha kuchambua.

"Mama yangu alikufa ananiombea niache pombe. Kila jioni, miaka kumi na moja. Anapiga magoti, anataja jina langu, nami nimepiga goti moja lililobaki kando yake, naitikia amina. Nikimwambia mama, sinywi, analia zaidi, anasema sasa umeongeza na uongo."

Aliichukua buni moja akaitazama pande zote, akaiweka kati ya nzima.

"Mimi nilikuwepo, fundi. Umesafiri bure kuniambia mimi. Waambie wasiokuwepo."

Nilikuwa nimekwenda kusamehewa na niliyemkosea, tena nikiwa nimekaa kwenye kiti alichoniletea. Hakunisamehe na hakunifukuza. Alinisindikiza mpaka barabarani, polepole, kwa sababu hawezi kwenda haraka.

Kwa hiyo nawaambia ninyi msiokuwepo, na kama mko Buganguzi, Kamachumu au kwenye usharika ule, someni kwa sauti. Yoeli hakunywa. Breki nilizitoa mimi kwa mikono yangu, na mimi ndiye niliyezirudisha, jioni, yeye akiwa ameshaanguka.